Shajara ya safari: Suzhou, mji wa mifereji, bustani na mahekalu

Jumapili

Treni ya mwendo kasi kutoka Shanghai hufika Suzhou kwa muda wa nusu saa hivi, na njia nzima dirishani huoni ila viwanda, maghorofa na barabara za juu, hata mtu aliyekuja kuutazama mji wa kale huanza kuingiwa na wasiwasi. Mji wa kale upo, ila umo ndani, umezungukwa. Ni mstatili wa kilomita za mraba 14 hivi, uliozingirwa na mfereji mpana pande zote nne, na asili yake ni mwaka 514 kabla ya Kristo, pale Helü, mfalme wa dola ya Wu, alipompa waziri wake Wu Zixu kazi ya kuupima na kuujenga. Maghorofa yamesukumwa nje: mashariki lipo eneo jipya la viwanda na biashara lililoanzishwa kwa ubia na Singapore mwaka 1994, magharibi lipo jingine, na katikati mji wa kale umeachwa na nyumba zake fupi, kwa kuwa sheria hairuhusu jengo jipya humo kupita mita 24.

Hilo ndilo lililonileta. Nafundisha historia, nimezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja, na nimeshuhudia nyumba za mawe zikiporomoka mtaani kwetu kwa kukosa matunzo. Nilitaka kuona kwa macho yangu mji wa biashara ulio mkongwe kuliko wetu mara nyingi, ambao bado unakaliwa na watu wake.

Kijana wa Tanga anayesomea uhandisi hapa alinipokea stesheni. "Shikamoo, mwalimu, pole na safari," alisema, akauchukua mzigo kabla sijaitikia. Tulikwenda moja kwa moja hadi mtaa wa Pingjiang, ambako barabara na mfereji vinakwenda sambamba, na nyumba za upande wa pili zina ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Kuta ni nyeupe za chokaa, mapaa ni ya vigae vya kijivu. Ni katikati ya Oktoba, msimu wa guihua, mti ambao ua lake ni nembo ya mji huu. Maua yake ni madogo mno, ya manjano, hayaonekani mpaka usogee karibu, lakini harufu yake tamu imejaa mtaa mzima na inakufuata hadi chumbani.

Jumatatu

Jumba la makumbusho la mji hufungwa Jumatatu, kwa hiyo tulikwenda Kilima cha Chui Milia (Huqiu), nje ya mji wa kale upande wa kaskazini-magharibi. Njia bora ya kufika ni kwa miguu, kando ya mfereji wa Shantang, uliochimbwa mwaka 825 kwa amri ya Bai Juyi, mshairi mashuhuri aliyekuwa gavana hapa kwa muda mfupi. Nusu ya kwanza ya mtaa huo ni maduka na taa nyekundu na msongamano wa watu. Ukivuka hapo unakuta wazee wakifua, wakisafisha mboga na kucheza karata, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda.

Juu ya kilima umesimama mnara wa matofali wa hekalu la Yunyan, wenye ghorofa 7 na pande 8, uliokamilika mwaka 961. Umeinama. Kilele chake kimetoka katika mstari wake zaidi ya mita 2, na sababu iko chini yake: mwamba wa kilima umeteremka, hivyo udongo ulio juu ya mwamba ni mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na uzito wa mnara ukadidimia pale palipo laini. Wajenzi wenyewe waliliona tatizo mapema, wakajaribu kuzinyoosha ghorofa za juu, ndiyo maana ukiutazama kwa makini unaona umepinda kidogo. Katika miaka ya 1950 ulifungwa kwa mikanda ya chuma, na miaka ya 1980 msingi ulizungushiwa nguzo za zege ardhini. Wakati wa matengenezo ya kwanza mafundi walikuta ndani ya kuta vitu vilivyofichwa na watawa wa karne ya 10. Kimojawapo nilikusudia kukiona Jumatano.

Chini ya mnara ipo bwawa jembamba kati ya miamba miwili. Husemwa kwamba Helü amezikwa chini yake pamoja na panga zake nyingi, na kwamba Mfalme wa Kwanza wa Uchina aliamuru pachimbwe azipate, asipate kitu. Wageni wengi huishia hapo kupiga picha. Mimi nilirudi mnarani, nikakaa hadi walipotutangazia kufunga.

Jumanne

Hii ndiyo siku niliyoingoja, na ajabu ni kwamba mahali penyewe palikuwa karibu patupu. Katika hekalu la Confucius, lililoanzishwa pamoja na shule mwaka 1035 na Fan Zhongyan, mzaliwa wa ukoo wa hapa aliyekuwa gavana, kuna makumbusho ya maandishi ya mawe, na humo limesimama jiwe jeusi refu kuliko mtu, lililochongwa ramani ya mji mwaka 1229. Wakati huo mji uliitwa Pingjiang.

Kijana aliniwekea simu yake kando ya kioo, ikiwa na ramani ya leo, nami nikaanza kulinganisha kwa kidole. Mfereji wa nje unaouzunguka mji: upo palepale. Mifereji mikuu inayokwenda kaskazini-kusini na ile inayoikata mashariki-magharibi: mingi ipo. Mtaa wa Pingjiang tuliolala jirani nao umechorwa ukiwa na mfereji wake upande uleule. Madaraja zaidi ya 300 yamechongwa moja moja, mengi na majina yake, na baadhi ya majina hayo tulikuwa tumeyasoma njiani asubuhi tukielekea huko. Mchongaji hakuonyesha nyumba za watu wa kawaida; alichochonga ni maji, madaraja, mahekalu na ofisi za serikali, yaani vile ambavyo mji haukuweza kuishi bila kuvijua. Mifereji mingi midogo ilifukiwa katika karne zilizofuata, na sehemu kubwa ya ukuta ilibomolewa katika karne ya 20, lakini mpangilio haukufutwa. Vita vilipita hapa, moto ulipita, koo za kifalme zilibadilika, na kila mara watu waliorudi kujenga walijenga juu ya mistari ileile, kwa sababu chakula, kuni, mchele na hariri vilikuwa vinafika kwa mashua mlangoni.

Karibu na ramani hiyo lipo jiwe jingine, la mwaka 1247, lenye ramani ya mbingu: nyota zaidi ya 1,400 zimechongwa katika duara moja kubwa, na chini yake yameandikwa maelezo ya mwendo wa jua na mwezi. Mawe haya yalikuwa ya kufundishia. Nilisimama mbele yake kama mwalimu mbele ya vifaa vya mwalimu mwenzake, na nikayaonea fahari.

Mchana tulifika Panmen, lango la kusini-magharibi, lililojengwa upya mwaka 1351 na lililobaki peke yake katika malango ya kale kuwa na mlango wa nchi kavu na mlango wa maji bega kwa bega. Mlango wa maji una matao mawili, moja nyuma ya jingine, na mifereji ya kuteremshia milango mizito kutoka juu. Adui akiingia na mashua yake angeweza kunaswa katikati. Ukisimama juu ya ukuta unaona mlango ulivyozuia watu na mafuriko kwa pamoja. Sijapata kuona ngome iliyonieleza kazi yake kwa uwazi namna hii.

Jumatano

Tiketi za Bustani ya Zhuozheng hukatwa mapema kwa namba ya pasipoti, na malipo ni ya simu kama karibu kila kitu nchini humu. Tuliingia saa moja na nusu asubuhi, mara tu walipofungua, na nawashauri wengine wafanye hivyo, kwa sababu kufikia saa nne vijia vinakuwa vimejaa.

Bustani hii ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 16 na Wang Xiancheng, afisa aliyechoshwa na mambo ya kasri akarudi kwao. Rafiki yake Wen Zhengming, mmoja wa wachoraji wakubwa wa enzi ya Ming (ukoo wa kifalme uliotawala Uchina karne ya 14 hadi ya 17), alizichora na kuzitungia mashairi sehemu 31 za bustani hiyo mwaka 1533. Ni kubwa kuliko zote mjini, hekta 5 na zaidi, na sehemu yake kubwa ni maji. Nje huoni chochote ila ukuta. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili: nyumba ya Lamu au ya Unguja haimwonyeshi mpita njia kilicho ndani, na ua wake wa ndani na mapambo yake ni vya aliyekaribishwa. Hapa kanuni hiyo imepanuliwa hadi ikawa ziwa, vilima, miti na mabaraza. Unaingia kwa mlango mdogo, unakutana na rundo la mawe linalokuzuia kuona mbele, unalizunguka, ndipo maji yanapofunguka.

Mawe hayo hutoka Ziwa Tai, jirani na hapa. Ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kwa muda mrefu sana, na waungwana wa zamani waliyapenda yakiwa membamba, yenye mikunjo na matundu yanayopitisha mwanga. Mbele zaidi, ukisimama upande wa mashariki wa bwawa na kutazama magharibi, unauona mnara wa hekalu la Bao'en, wenye ghorofa 9 na urefu wa mita 76, ukiwa umetokeza juu ya miti kana kwamba umo ndani ya bustani. Hauko ndani, uko mbali mitaani. Mpangaji aliacha nafasi kati ya miti ili mnara wa watu wengine uwe wake pia, na mji ukiacha maghorofa yapande upande ule, kazi hiyo itaharibika siku moja. Ndiyo maana naitetea ile sheria ya mita 24.

Kilichonishika zaidi kilikuwa chini ya miguu. Vijia vimesakafiwa kwa kokoto, vipande vya vigae vilivyosimamishwa kwa ubavu na vigae vya kauri vilivyovunjika, vikapangwa kuwa maua, popo na nyavu za samaki. Niliinama nikaona kitako cha bakuli la buluu na nyeupe, pete yake bado nzima, kikiwa katikati ya ua. Wazee wetu nao walipachika mabakuli ya Kichina katika makaburi ya Kunduchi na kwenye mihrabu za misikiti. Bakuli la aina hiyo lilivuka bahari nzima kufika kwetu. Hapa lilivunjika jikoni, likatupwa kwa fundi wa sakafu.

Makumbusho yapo ukuta kwa ukuta na bustani. Jengo lake jipya, lililofunguliwa mwaka 2006, ni la msanifu majengo I. M. Pei, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Suzhou na uliwahi kuimiliki Bustani ya Shizilin hatua chache kutoka hapo. Kuta nyeupe na mistari ya kijivu ni ya mji wenyewe, na uani amepanga mawe yaliyokatwa mapande mbele ya ukuta mweupe yaonekane milima. Humo ndani nilikiona nilichokuwa nimekikusudia: bakuli la kijani lenye umbo la ua la yungiyungi, lililotolewa katika mnara uliopinda. Rangi yake haina doa. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa katika chumba chochote kingine.

Shizilin tuliipitia jioni. Ilianza mwaka 1342 kama bustani ya watawa, na ni msitu wa mawe yenye njia za kupanda, kushuka na kuingia mapangoni. Watoto wanaifurahia mno, mimi niliiona imejaa kupita kiasi.

Alhamisi

Bustani ya Wangshi ni ndogo, nusu hekta hivi, na kwangu ndiyo iliyo bora. Bwawa lake limo katikati, na mabaraza yaliyolizunguka yamepungua ukubwa kadiri yanavyokaribia maji, hivyo jicho linadanganyika kwamba bwawa ni pana. Kipo kidaraja cha mawe ambacho mtu mzima hukivuka kwa hatua tatu. Ua mmoja wa hapa ulichukuliwa kuwa mfano wa ua wa Kichina uliojengwa na mafundi wa Suzhou ndani ya Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York, ukafunguliwa mwaka 1981. Bustani 9 za Suzhou zimo katika Urithi wa Dunia, 4 tangu mwaka 1997 na 5 zilizoongezwa mwaka 2000, mwaka uleule ulioandikishwa Mji Mkongwe wetu.

Mchana tulitazama hariri. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya beseni la maji ya moto yenye vifuko vya viwavi, akavikoroga kwa kifagio kidogo mpaka nyuzi zikajishika, kisha akazikusanya nyuzi za vifuko kadhaa, akazipitisha katika tundu moja kuwa uzi mmoja. Kifuko kimoja kinaweza kutoa uzi usiokatika wa mita elfu moja na hata zaidi. Katika chumba cha pili wasichana walikuwa wakitarizi pande zote mbili za kitambaa kwa pamoja, kwa uzi uliogawanywa hadi usionekane ila mwanga ukiupiga, na mafundo yote yamefichwa ndani.

Ijumaa

Swala ya Ijumaa niliisali katika msikiti wa Taipingfang, karibu na Shilu. Hotuba ilikuwa ya Kichina, aya zilikuwa zilezile, na baada ya salamu wazee walinishika mkono mmoja mmoja wakiuliza natoka wapi. Tulikula tambi za nyama ya ng'ombe katika mkahawa wa Waislamu kutoka jimbo la Qinghai: kijana alilikunja donge la unga, akalivuta urefu wa mikono yake, akalikunja tena, na kila mkunjo nyuzi zikawa mara mbili, mpaka alipozitupa sufuriani. Kwa Mwislamu anayeuliza atakula nini Uchina, jibu langu ni mikahawa hii. Ipo karibu kila mtaa.

Hekalu la Xiyuan lina ukumbi wa sanamu 500 za wanafunzi wa Buddha, na hakuna nyuso mbili zilizofanana. Ipo humo sanamu ya mtawa Jigong ambayo upande mmoja inasikitika na upande mwingine inacheka.

Hekalu la Hanshan limejulikana kwa sababu ya mistari minne. Katika karne ya 8 Zhang Ji alilala chomboni jirani na daraja la Fengqiao: mwezi umetua, kunguru wanalia, baridi imetanda, taa za wavuvi zinawaka, usingizi hauji, na usiku wa manane sauti ya kengele ya hekalu inamfikia msafiri. Watoto wa Uchina hulihifadhi shairi hili shuleni. Karne tatu baadaye Ouyang Xiu, mwanachuoni mkubwa, alilikosoa kwamba mahekalu hayapigi kengele usiku wa manane. Wengine wakamjibu kwa ushahidi kwamba huko Suzhou ilikuwa desturi. Kengele iliyopo sasa ilifuliwa mwaka 1906, na kila usiku wa kuamkia mwaka mpya hupigwa mara 108. Nilikuta watu wamejipanga foleni kuigonga, nami nikagonga. Sauti yake ni nzito na inadumu, na kutoka hekaluni hadi kwenye daraja ni mwendo mfupi, kwa hiyo msafiri hakutia chumvi.

Jumamosi

Kusini-mashariki ya mji, pembeni ya Mfereji Mkuu uendao Hangzhou hadi Beijing, lipo daraja la Baodai. Lina matao 53 na urefu wa mita 317. Lilijengwa kati ya mwaka 816 na 819, na husimuliwa kwamba gavana Wang Zhongshu aliuza mkanda wake wa thamani kuchangia gharama. Lililopo sasa kwa sehemu kubwa ni la matengenezo ya enzi ya Ming.

Daraja hili halikujengwa kwa ajili ya kuvuka tu. Ni la chini, limelala, halina kingo, kwa sababu wavutaji wa mashua za nafaka za serikali walipita juu yake wakiwa na kamba mabegani, na kingo zingeikwamisha kamba. Matao matatu ya katikati yameinuliwa ili vyombo vipite chini, na mengine 50 ni ya kupitisha maji ya ziwa bila kulisukuma daraja. Kila jambo lina sababu yake. Nilipokuwa nimekaa hapo, mabarji ya mchanga na makaa yalikuwa yakipita mfululizo katika mfereji wa kando, yamezama hadi maji yalikaribia kufika sitaha, na nyuma ya usukani nguo zimeanikwa na vyungu vya mboga vimepangwa. Mfereji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, na bado unafanya kazi.

Jumapili

Tulikodi gari hadi Liuhe, Taicang, chini ya mamlaka ya Suzhou, mahali mto mdogo unapoingia Yangtze. Hapa, kwa jina la zamani la Liujiagang, ndipo merikebu za Zheng He, amiri wa safari kubwa za baharini za enzi ya Ming, zilipokusanyika kabla ya kushuka pwani ya Fujian kungoja upepo wa kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi kwetu.

Lipo hekalu la Tianfei, mungu wa kike mlinzi wa mabaharia, na humo mwaka 1431, kabla ya safari yake ya saba na ya mwisho, Zheng He alisimamisha jiwe lenye habari za safari zote. Jiwe la asili limepotea, ila maneno yake yalinakiliwa katika kitabu cha enzi ya Ming. Kijana alinisomea taratibu. Yametajwa Hormuz, Aden na Mogadishu, na nchi zaidi ya 30 kubwa na ndogo. Zimetajwa dhoruba na nuru iliyoonekana juu ya mlingoti. Katika safari iliyoanza mwaka 1417, Mogadishu ilitoa punda milia na simba, na Barawa ikatoa ngamia na mbuni. Malindi tunaisoma katika kumbukumbu za kasri: wajumbe wake walifika na twiga mwaka 1415, na safari hiyo ya 1417 ndiyo iliyowarudisha wajumbe wa nchi nyingi makwao.

Niliinukuu sehemu ya Barawa neno kwa neno, kijana akinisahihisha tafsiri, kwa kuwa muhula ujao darasa la kidato cha tatu litasoma habari za biashara ya Bahari ya Hindi, na nataka waanze na maandishi haya, kisha ndipo tufike kwenye vipande vya kauri vya Gedi na Kilwa.